Kabla hujauliza bei, uliza gari litalala wapi

Jumamosi niliongea kwenye mkutano wa chama chetu cha kuweka na kukopa hapa Arusha, wengi wetu ni madereva wa teksi na wa utalii, kuhusu ile hoja ya kukopa tununue gari za umeme. Ambao hawakuwepo wameniomba niandike, basi naandika vile nilivyoongea, na pale mlipocheka nimeacha humohumo.

Wazee wangu shikamooni, mama mweka hazina shikamoo, machalii wote mambo. Mwenyekiti kanipa nusu saa na kanionya nisirudie ya siku ile ya tairi, kwa hiyo nitajitahidi.

Swali nililopewa ni moja tu, tununue gari tano za umeme au tubaki na IST zetu. Na najua kwa nini nimeitwa mimi. Mi ndo mwenye ile Leaf ya bluu, gari ya umeme ya Nissan, na mi ndo wengine wenu mlinipita Maji ya Chai nimekaa kwenye ndoo nje ya banda la kuchomelea, mkapiga honi mkaenda zenu. Asanteni sana. Ngoja nianze na hiyo maana kila mtu anayo hadithi yake na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Ilikuwa hivi. Nilienda Moshi kwenye kipaimara cha mtoto wa dada. Nimetoka hapa betri imejaa, nateremka Tengeru, Usa, Kikatiti, mpaka njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, gari inakwenda kama maji. Na gari ya umeme ukiachia mguu kwenye mteremko mota inageuka inakuwa dainamo, inarudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo nafika Moshi na chaji imebaki, nikajiona mjanja. Nikachomeka pale kwa dada masaa matatu, tukala ndizi nyama, saa kumi naondoka. Dashibodi inasema nina kilometa 90. Moshi Arusha ni kama 80. Nikasema hiyo si imetosha na chenji inabaki?

Sasa nisikilizeni hapa maana ndo shule yenyewe. Ile namba ya kilometa zilizobaki gari haijui unakoenda. Inakumbuka ulivyotoka kuendesha, basi. Na mi nilikuwa nimetoka kuteremka, kwa hiyo ikadhani maisha yote ni mteremko. KIA iko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini tuko kama 1,400. Hizo mita mia tano gari ya umeme lazima izipande kama mtu anavyopanda ngazi, na kwa gari yangu na watu wanne ndani ni zaidi ya yuniti mbili za umeme zinazoishia kwenye kupanda tu, achana na kwenda mbele. IST nayo inakula mafuta mengi kwenye mlima ila we huoni kwa sababu sheli ziko kila kona. Mimi nilifika Kikatiti ikawaka taa ya kobe. Sio utani jamani, Leaf betri ikikaribia kuisha inawaka picha ya kobe kabisa, na gari inakuwa kobe. Mama mkwe alikuwa siti ya nyuma akauliza huyo mdudu ni nini.

Nikajikokota mpaka Maji ya Chai, nikamwomba yule fundi wa kuchomelea anichomeke. Masaa matatu. Yuniti zilizoingia kama sita na nusu hivi, thamani yake hata elfu mbili na mia tano haifiki, nikampa elfu tano na soda, akaniambia kaka hata kila siku karibu. Mama mkwe alipanda kifodi akaja zake mjini, na mpaka leo akisikia gari ya umeme anatikisa kichwa.

Lakini hiyo safari haikuniangusha kwa sababu gari ya umeme ni mbaya. Iliniangusha kwa sababu nilinunua bila kujua nanunua nini, hilo nitalirudia kwenye betri. Kwanza hesabu, maana najua ndo mmekuja kusikia.

Tuchukue petroli elfu tatu kwa lita, mnajua EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wanabadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa hiyo msinibishie kwa shilingi hamsini. IST mjini na foleni ya Kilombero tuseme inakupa kilometa 12 kwa lita. Hiyo ni shilingi 250 kila kilometa. Umeme ukinunua LUKU kwa matumizi ya kawaida, yuniti moja na kodi zake inakuja kama 356. Gari yangu yuniti moja kutoka ukutani inanipeleka kilometa tano na nusu, nimepima mwenyewe miezi mingi. Hiyo ni shilingi 65. Yaani mia mbili hamsini kwa sitini na tano.

Nasikia mnaguna. Subirini.

Dada yangu mmoja hapa, simtaji anajijua, anatoka Njiro anaenda dukani kwake mjini anarudi, kilometa 15 kwa siku. Kwa mwezi siku 25 ni kilometa 375. Mafuta yake kama elfu tisini na nne, umeme ingekuwa elfu ishirini na nne. Ameokoa elfu sabini. Sasa achukue mkopo wa mamilioni ili aokoe elfu sabini kwa mwezi? Dada, endelea na Vitz yako, badilisha oili kwa wakati, umemaliza.

Sasa njoo kwa dereva wa teksi. Huyu anapiga kilometa 120 kwa siku, siku 26, ni kilometa 3,120. Mafuta 780,000. Umeme kama 203,000. Hapo kuna laki tano na sabini na kitu kila mwezi inabaki mfukoni, kwa mwaka inakaribia milioni saba. Hiyo hela we dereva unayepeleka hesabu kwa bosi kila siku unaijua ina maana gani. Hiyo inalipa mkopo.

Na hapa ndo kichekesho cha hii kitu chote. Anayeweza kuinunua kirahisi haimsaidii sana, ana uzio, ana geti, ana mita yake, ila gari inatoka kwenda kazini na kanisani. Anayesaidika kwelikweli ni huyu wa kilometa 120, na huyu anaishi wapi? Amepanga vyumba viwili Ngarenaro au Unga Limited, LUKU moja wapangaji sita, na gari usiku anaiacha kwenye kituo cha mafuta kwa mlinzi kwa buku. Sasa ataichaji wapi? Apitishe waya dirishani? Nyie wote mmekaa nyumba za kupanga, mnajua jinsi watu wanavyogombana kwa friji ya mtu mmoja. Mpangaji akinunua pasi mpya kikao kinaitishwa! Halafu we uje na gari inayokula yuniti 22 kila usiku.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza gari ya umeme bei gani, mi namuuliza kwanza litalala wapi. Hilo swali likikosa jibu, mengine yote ni kupoteza muda.

Na hata mwenye kwake ajipange. Soketi yetu ya kawaida ukiichaji kwa usalama ni ampia kumi, kama kilowati mbili na pointi tatu. Ni sawa na kuwasha pasi mbili. Ila pasi unaiwasha dakika kumi unaizima, gari ni pasi mbili usiku kucha, saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kila siku ya Mungu. Nyumba nyingi hapa zimesukwa waya na fundi aliyelipwa kwa pointi, waya mwembamba, soketi ya bei rahisi, na waya wa kwenda ardhini mara nyingi upo kwenye mchoro tu. Soketi yangu ya kwanza iliyeyuka wiki ya pili. Iliyeyuka kama mshumaa, nikasikia harufu nikadhani jirani anachoma takataka. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya mnene, breka yake, na ile nondo ya ardhini ipigiliwe kweli, uione kwa macho. Halafu zile nyaya za kuchajia zinazokuja na gari kutoka Japani, angalia sana, kwao umeme wa nyumbani ni volti 100 na nyingine zimetengenezwa kwa 200, sisi ni 230. Usichomeke tu kwa imani.

Kingine, kuna wenzangu mko kwenye ile tarifu ya wanyonge, yuniti 75 kwa 9,150. Hiyo sahau. Gari itazimaliza siku tatu nne, na ukishazidisha kila mwezi unahamishiwa kwenye bei ya kawaida, jumba zima, mpaka taa ya chooni. Iingizeni kwenye hesabu.

Mzee mmoja kaniuliza kabla hatujaanza, huo umeme wenyewe upo? Mzee wangu, umeme wa kuzalisha upo kuliko zamani. Bwawa la Nyerere kule Rufiji mashine ya kwanza iliwashwa Februari 2024, na zote tisa zinaleta megawati 2,115, ukilinganisha na kibwawa chetu cha Nyumba ya Mungu hapo chini ya Moshi megawati nane. Shida yetu sio maji ya Rufiji, shida ni transfoma ya mtaani kwako na ule mti wa mgrevilea ulioegemea nyaya. Umeme ukikatika masaa manne usiku, umepoteza kama kilometa hamsini za kesho. Dereva wa teksi kilometa hamsini ni abiria wangapi? Kwa hiyo gari ya kazi isiwe ya kujaza ndo itoke, iwe na akiba. Kama siku yako ni kilometa 120, tafuta gari inayokwenda 180 kweli, sio ya kwenye karatasi.

Haya betri. Hapa naomba wale mnaosinzia muamke.

Nilinunua Leaf ya zamani, betri ya yuniti 24. Hizo zilianza kutoka mwisho wa 2010. Kwenye dashibodi kuna vijiti 12 vinaonyesha afya ya betri, kama roho kwenye gemu za watoto. Aliyeniuzia akanionyesha vijiti 11, akaniambia kaka hii ni kama mpya. Nikamwamini, nilikuwa na haraka, nilikuwa na mbwembwe. Baada ya lile la Maji ya Chai ndo dogo mmoja wa kompyuta akaniletea kidude kinachochomekwa chini ya usukani, unasoma kwenye simu kwa programu inaitwa LeafSpy. Betri ikasema asilimia 64. Vijiti vilikuwa vimechezewa, vinaweza kurudishwa juu kwa kompyuta vikakudanganya kwa wiki kadhaa mpaka gari ijijue upya. Kwa hiyo nilinunua gari ya lita 24 kumbe tanki lake ni 15. Nilipoulizia bei ya betri nyingine nzima nilikaa chini kwanza.

Basi, hununui gari, unanunua betri iliyofungiwa matairi. Rangi, redio, siti za ngozi, hayo ni mapambo. Ukiona muuzaji hataki uchomeke kidude, ondoka, hata kama ni shemeji yako. Leaf za kuanzia mwisho wa 2017 zina betri ya yuniti 40, hizo ndo angalau ningezitaja kwa kazi ya teksi, na hata hizo zipimwe moja moja.

Kuna habari njema kidogo hapa. Leaf haina maji ya kupoza betri, inategemea upepo tu, kwa hiyo adui yake ni joto. Na sisi Arusha joto letu ni la kiungwana. Gari ileile ukiifuga Dar au hata Moshi kule chini Februari itachoka haraka kuliko hapa. Na baridi yetu ya Julai mnayolalamikia na makoti haijafika ya kuisumbua betri, Norway wana barafu na mwaka 2024 karibu gari tisa kati ya kumi mpya zilizouzwa kule zilikuwa za umeme.

Barabara zetu sasa hilo ni lingine. Betri iko chini ya sakafu, na Leaf iko chini. Matuta yetu haya ambayo kila mtaa unajijengea la kwake, mengine kama kaburi, na zile njia za mawe kule Moshono na Olasiti. Mi nimefunga bamba la chuma chini. Bushi na boljointi zinakwisha, tena gari yenyewe nzito, tairi zinalika mapema. Lakini oili ya injini hamna, plagi hamna, nozeli hamna, mkanda hamna, brekipedi ziko palepale kwa sababu mota ndo inafanya kazi ya breki mara nyingi. Mwaka na nusu nimeenda gereji kwa bushi na betri ndogo ya volti 12 basi. Ila mafundi wetu, na mi ni fundi niwaambie ukweli, tunajua dizeli mpaka usingizini, ila ukiona nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti hapo kuna volti karibu 400 za moja kwa moja, na hizo hazina samahani. Kwa hiyo chama kikinunua, dogo mmoja apelekwe akasome kwanza. Sio kujifunzia kwenye gari ya watu.

Madereva wa utalii nawaona mmenyamaza mnasema hii haituhusu. Inawahusu na haiwahusu. Gari za safari za umeme zimeonekana Serengeti tangu 2018, na Nairobi kuna kampuni ya Roam, zamani iliitwa Opibus, iliyokuwa inatoa injini ya dizeli kwenye Land Cruiser inaweka mota. Na ndani ya hifadhi hii kitu inafaa sana, unatembea taratibu, unasimama, unazima, simba hasikii mngurumo, mgeni anapiga picha analia machozi. Lakini hiyo ni gari inayolala kambini, inachajiwa kambini. Nyie mnaotoka hapa na wageni, Mto wa Mbu, mnapanda ule ukingo wa Bonde la Ufa, Karatu, mnapanda tena mpaka ukingo wa kreta kule juu mita 2,300, mnashuka Serengeti, siku tano hamjarudi, mtachaji wapi? Mnaona tunarudi palepale, litalala wapi. Kwa sasa dizeli yenu iacheni ilivyo, msije mkanipigia simu mko Olduvai na kobe.

Na ya serikali kidogo. Mnakumbuka 2017 walifuta ile leseni ya barabara ya kila mwaka wakaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Na tozo nyingine za barabara ziko humohumo kwenye lita. Mwenye gari ya umeme hapitii sheli kwa hiyo halipi hiyo, kwa sasa. Msidhani wamesahau. Siku tukiwa wengi watatutafuta, kwa hiyo msikopee kwa hesabu ya kwamba 65 itabaki 65 milele. Au inaweza ikaenda upande mwingine, Kenya tangu 2023 wana bei maalum ya umeme wa kuchajia magari, sisi bado hatujafika huko. Na kodi ya uchakavu pia, gari likishapita miaka kumi unapigwa asilimia 30 ya ziada, ndo maana hiyo Leaf ya kizamani mnayoiona bei chee Japani ikifika hapa sio chee tena.

Sasa maoni yangu kwa chama, halafu nikae.

Msinunue gari tano. Msianze na gari kabisa. Ile hela ya awamu ya kwanza tukodi ule uwanja wa nyuma ya kijiwe chetu ambao mnauacha kwa wauza mitumba, tuombe Tanesco mita yetu ya fezi tatu kwa jina la chama, tuvute laini sita, tuezeke mabati, tuweke mlinzi. Gari za kulala pale usiku tayari tunazo, tunalipia parking kwa watu wengine kila siku. Halafu tununue mbili za betri ya 40, zilizopimwa, tuwape madereva wawili wanaokimbia sana mjini, waandike kila siku kilometa na yuniti kwenye daftari, miezi sita. Wasiende Moshi nazo. Baada ya hapo mama mweka hazina atatusomea daftari na tutajua la kufanya na zile tatu zilizobaki.

Mtu akiniuliza kama nitaiuza yangu, jibu ni hapana. Kwa hapa mjini inanitosha, watoto shule, mke sokoni, mimi gereji, na nikipita sheli nawapungia mkono. Kwenda Moshi naazima IST ya jirani.

Mwenyekiti nimemaliza, nadhani nimezidisha dakika kumi tu. Gari iko hapo nje chini ya mwarobaini, anayetaka kuijaribu achukue ufunguo kwa huyu dogo, ila asivuke Kijenge, nina asilimia 30 na kwangu umeme haupo tangu asubuhi.